MSTARI MMOJA AU MIWILI: KIPIMO CHA MIMBA KINA SIKU YAKE

Katika maduka ya dawa ya miji yetu kimezoeleka kitu kidogo, chembamba kuliko kidole cha mtoto, kilichofungwa ndani ya pakiti ya karatasi ya fedha. Kitu hicho ni kipimo cha mimba. Akina mama hukinunua kwa sauti ya chini. Wengine humtuma shoga, na wapo waume ambao huenda dukani wao wenyewe, jambo ambalo lingefaa kuigwa na wengi. Bei yake hata mfanyakazi wa kima cha chini huimudu. Lakini maelezo yake, kama yapo, yameandikwa kwa herufi ndogo mno na aghalabu kwa lugha ya kigeni. Kwa sababu hiyo kifaa chenye uwezo mkubwa hutumiwa siku isiyo yake, na jibu lake huaminiwa pale ambapo halikustahili kuaminiwa.

Makosa hayo si ya kuchekea. Mama aliyejibiwa "hapana" mapema mno huendelea kunywa pombe au kumeza dawa ambazo angeziepuka kama angejua hali yake. Na mama aliyejibiwa "ndiyo", kisha akatokwa na damu kidogo, huweza kudhani kwamba mimba imeharibika na mambo yamekwisha, kumbe mimba imetunga mahali pasipo pake na inamweka katika hatari ya kufa. Ndiyo maana, ndugu msomaji, inafaa jambo hili lielezwe kwa utaratibu, na kwa akina baba pia, kwani nao huulizwa nyumbani: "Mbona mstari mmoja?"

Kipimo hupima nini?

Kipimo hakimwoni mtoto. Kinachotafutwa katika mkojo ni homoni moja ambayo wataalamu huiita kwa herufi tatu, hCG. Homoni hiyo hutengenezwa na chembechembe ambazo baadaye ndizo huwa kondo la nyuma. Haianzi kuingia katika damu ya mama siku ile ya kukutana na mumewe, wala siku ile yai linapotungishwa. Huanza baada ya mimba changa kujishikiza katika ukuta wa mji wa mimba. Kutoka katika damu huchujwa na figo na kutoka pamoja na mkojo. Ndani ya ule ukanda mmepakwa protini maalumu ambazo huikamata hCG. Homoni ikiwapo ya kutosha, rangi hukusanyika na mstari wa pili hujitokeza.

Maneno ya kushika hapo ni "ya kutosha". Tuchukue kalenda ili jambo hili lieleweke.

Tuseme mama fulani hupata hedhi kila baada ya siku 28, na safari hii damu imeanza tarehe 1 ya mwezi wenye siku 31. Yai lake hupevuka na kutoka yapata tarehe 14. Likikutana na mbegu ya kiume hutungishwa ndani ya mrija wa uzazi, kisha husafiri kwa siku kadhaa kuuelekea mji wa mimba. Hujishikiza huko kati ya siku ya 6 na ya 12 tangu yai lilipotoka, na kwa walio wengi huwa ni siku ya 8, ya 9 au ya 10. Kwa kalenda yetu, basi, mimba nyingi za namna hiyo hujishikiza kati ya tarehe 22 na 24, lakini iko itakayotangulia tarehe 20 na iko itakayochelewa hadi tarehe 26. Hedhi yake inayofuata ilitazamiwa tarehe 29.

Kabla ya siku ya kujishikiza hakuna kipimo cha mkojo duniani kitakachosema lo lote. Anayepima kesho yake asubuhi, au baada ya siku tano, anatupa fedha zake. Baada ya hapo homoni huanza kidogo sana na kuongezeka maradufu kila baada ya siku mbili hadi tatu. Vipimo vingi vinavyouzwa huitambua ikifikia miliyuniti 25 katika kila mililita ya mkojo. Sasa mfikirie mama ambaye mimba yake ilichelewa kujishikiza. Tuseme kwamba tarehe 29, siku aliyotazamia hedhi, mkojo wake una miliyuniti 5 tu. Tarehe 31 zitakuwa 10. Tarehe 2 ya mwezi unaofuata zitakuwa 20. Tarehe 4 zitakuwa 40. Akipima tarehe 29 ataona mstari mmoja, na tarehe 2 vile vile. Akipima tarehe 4 ataona miwili. Mimba ni ile ile, kipimo ni kile kile, na wala hakuna aliyemroga.

Kutokana na hesabu hiyo ushauri wa wataalamu ni huu: usipime kabla ya siku ya kwanza ya kukosa hedhi, na kama una subira, ngoja wiki moja zaidi. Yale maneno ya kwenye pakiti kwamba kipimo husema kweli kwa asilimia 99 yanahusu siku hiyo na kuendelea, tena katika maabara, mikononi mwa watu waliofunzwa. Hayahusu wiki iliyotangulia. Ukipima, ukaona mstari mmoja, na hedhi haijaja bado, pima tena baada ya siku chache; ikipita wiki na hali ni hiyo hiyo, nenda zahanati. Damu ikichukuliwa na kupimwa maabara, homoni hugundulika siku chache mapema kuliko katika mkojo, na tena daktari huweza kujua ni kiasi gani.

Wasiokuwa na tarehe

Mfano wetu ulikuwa wa mama mwenye hesabu safi. Katika maisha ya mjini wa namna hiyo si wote. Yuko ambaye hedhi yake huja leo baada ya siku 26 na safari nyingine baada ya 40. Yuko anayenyonyesha, ambaye hajaona damu tangu alipojifungua, naye hudhani kwamba kwa sababu hiyo hawezi kushika mimba. La hasha. Yai hutoka kwanza, na hedhi hufuata yapata wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mama huweza kushika mimba ya pili bila kuona hata tone moja baada ya mimba ya kwanza. Yuko pia aliyeacha sindano ya majira, ambayo huweza kuchelewesha hedhi kwa miezi mingi baada ya kuachwa.

Kwa hawa wote "siku ya kukosa hedhi" ni maneno matupu. Wao wahesabu siku 21 tangu siku ya mwisho walipokutana na mwanamume bila kinga. Kipimo kitakachofanywa siku ya 21 au baadaye ni cha kutegemewa, kwani hata yai likichelewa kutoka siku kadhaa, muda wa kujishikiza na wa homoni kuongezeka utakuwa umetosha.

Hapo tena kuna swali ambalo wafanyakazi wa viwandani na wauguzi huliuliza kwa haki kabisa. Kila mahali imeandikwa kwamba mkojo unaofaa ni wa asubuhi. Je, anayefanya zamu ya usiku, ambaye asubuhi ndiyo kwanza anapanda daladala kurudi nyumbani, afanyeje? Jibu ni kwamba asubuhi yenyewe haina siri yo yote. Kinachotakiwa ni mkojo uliokaa kibofuni muda mrefu, kwa kuwa huo ndio mzito na ndio wenye homoni nyingi. Mama wa zamu ya usiku atumie mkojo wake wa kwanza baada ya usingizi wake mrefu, hata kama anaamka saa tisa alasiri. Asiyepata nafasi hiyo azuie haja ndogo kwa saa nne hivi, na asinywe maji kupita kiasi katika muda huo. Wako wanaokunywa jagi zima ili mkojo upatikane upesi, nao hupata mkojo mweupe kama maji ya mvua. Mkojo wa namna hiyo, hasa katika siku za mwanzo, huweza kuificha mimba. Baada ya wiki mbili au tatu za kukosa hedhi sharti hilo hulegea, maana homoni imekuwa nyingi na mkojo wa saa yo yote hutosha.

Mambo yanayoliharibu jibu

Kwanza ni kifaa chenyewe. Vipimo vingi hutakiwa kuhifadhiwa katika joto lisilozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Dar es Salaam ya Januari na Februari huvuka nyuzi hizo mchana, na ndani ya kibanda cha mabati hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo nunua mahali penye kivuli na hewa, si kwenye meza iliyopigwa na jua tangu asubuhi. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti iwe haikutoboka, wala usiifungue leo ukakusudia kupima kesho, kwani unyevunyevu huharibu zile protini. Kile kijifuko kidogo cha chembechembe kilichomo ndani kimewekwa kunyonya unyevu. Hakiliwi wala hakitumbukizwi katika mkojo, ingawa muuza dawa mmoja alituambia kwamba huulizwa kazi yake kila mara.

Chombo cha kukingia mkojo kiwe kikavu na kisiwe na sabuni. Ukanda utumbukizwe hadi pale penye alama ya mshale, usizidi. Kisha ulazwe mahali palipo sawa na usomwe katika muda ulioandikwa, ambao kwa kawaida ni dakika tatu hadi tano. Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lenyewe hutokana na wasiwasi. Mama hupima, huona mstari mmoja, huuweka ukanda dirishani, na baada ya saa nzima hurudi kuutazama. Mkojo umekauka, na palipokuwa patupu pana kivuli cha mstari, cha rangi ya kijivu au kisicho na rangi. Hicho si kitu. Ni alama ya mkojo uliokauka. Ukanda uliopita dakika kumi hausomwi tena.

Lakini mstari hafifu wenye rangi ile ile ya mwenzake, uliojitokeza ndani ya muda, ni mstari. Maana yake mara nyingi ni mimba changa, ambayo homoni yake bado ni kidogo. Pima tena baada ya siku mbili au tatu utaona umekoza. Na ukanda ambao hata ule mstari wa uthibitisho, wenye herufi C, haukutokea, hausemi ndiyo wala hapana. Umeharibika, tafuta mwingine.

Vipi kuhusu dawa? Wengi hudhani kwamba dawa yo yote huvuruga kipimo. Sivyo. Dawa ya mseto ya malaria, dawa za maumivu, dawa za kuua vijidudu na vidonge vya majira havileti mstari wala haviuondoi. Sindano zenye hCG yenyewe, ambazo madaktari huwachoma akina mama wanaotafuta mtoto ili yai litoke, ndizo huleta mstari wa pili usio wa mimba kwa siku kadhaa. Ukichomwa sindano hiyo muulize daktari siku ya kupima. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za mzio, kwa baadhi ya vipimo, zimewahi kuleta jibu la uongo, ingawa si mara nyingi.

Aidha, mama aliyeharibikiwa na mimba, au aliyejifungua karibuni, huendelea kuwa na homoni ile mwilini. Huweza kuonekana katika mkojo kwa wiki nne na mara nyingine hata sita. Mstari atakaouona katika muda huo haumwambii kwamba ameshika mimba nyingine. Akiuona, aende hospitali, kwani pengine yamebaki mabaki ya mimba ambayo hayana budi kuondolewa.

Kuna pia mimba zabibu, ambayo si mtoto bali ni uvimbe wa kondo. Hiyo hutoa homoni kwa wingi usio wa kawaida, mpaka mara nyingine kipimo huzidiwa na kuonyesha mstari hafifu au kutouonyesha kabisa. Mama anayetapika kupita kiasi, tumbo likawa kubwa kuliko umri wa mimba, na akatokwa na damu, asibishane na ukanda wa dukani. Anahitaji mashine ya kupiga picha ya tumbo.

Kutoka ngano hadi chura

Siku hizi katika simu za vijana hupita picha zinazoonyesha kwamba mimba huweza kupimwa kwa chumvi, kwa sukari au kwa dawa ya meno: changanya na mkojo, na povu likitokea basi tayari. Povu hilo ni la chumvi na asidi zilizomo katika mkojo wa mtu ye yote. Mwanamume akijaribu naye huweza kutoka mja mzito.

Hata hivyo, mwanadamu kutafuta jibu katika mkojo si jambo la leo. Wamisri wa kale, yapata miaka 1300 na zaidi kabla ya kuzaliwa Kristo, waliandika kwamba mwanamke akojolee ngano na shayiri kila siku. Zikiota ana mimba. Mwaka 1963 jambo hilo lilijaribiwa katika maabara, na ikaonekana kwamba mkojo wa wajawazito uliziotesha mbegu mara nyingi, yapata mara saba katika kila kumi. Chumvi na dawa ya meno havijafikia hata heshima hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, mjini Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walianza kuwadunga panya mkojo wa wanawake. Panya alipasuliwa ili vifuko vyake vya mayai vitazamwe. Kama mkojo ulikuwa wa mja mzito, vilikuwa vimebadilika. Baadaye sungura walitumiwa kwa namna hiyo hiyo. Kila jibu, liwe ndiyo au hapana, liligharimu uhai wa mnyama. Nafuu ilitoka katika bara letu la Afrika. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, alikuwa ametambua kwamba chura jike wa huko hutaga mayai akidungwa maji ya tezi ya ubongoni, na katika miaka ya 1930 wataalamu wa Cape Town walionyesha kwamba mkojo wa mja mzito nao humtagisha. Chura alidungwa jioni, na asubuhi mayai yalionekana kwa macho. Juu ya hayo hakufa. Baada ya kupumzishwa aliweza kutumika tena. Vyura hao wa Afrika walisafirishwa ng'ambo kwa maelfu, na hospitali za Ulaya na Marekani ziliwatumia hadi miaka ya 1960, walipopokewa na vipimo vya kemikali vilivyotokana na kazi ya Leif Wide na Carl Gemzell wa Sweden ya mwaka 1960.

Kumfikishia mama kipimo nyumbani kwake lilikuwa wazo la mwanamke. Mwaka 1967 Margaret Crane, mbunifu wa maumbo ya bidhaa mwenye umri wa miaka 26, alikuwa ameajiriwa na kampuni ya dawa huko Marekani achore vifaa vya vipodozi. Aliona mirija ya kupimia mimba imepangwa maabara juu ya kioo, akauliza kwa nini mwanamke asilione jibu lake mwenyewe. Wakuu wake hawakulipenda wazo hilo, wakihofu kwamba madaktari watachukia. Kifaa chake kilianza kuuzwa Kanada mwaka 1971, na Marekani mnamo mwaka 1977. Kilihitaji saa mbili mahali patulivu pasipotikisika. Crane mwenyewe alikabidhi haki zake za uvumbuzi kwa ahadi ya dola moja. Ukanda wa leo wa dakika tatu uliwezekana baada ya Georges Köhler na César Milstein kugundua, mwaka 1975, namna ya kutengeneza zile protini za kukamata homoni kwa wingi na kwa usahihi.

Mistari miwili, na maumivu

Hapa namwomba msomaji atulie kidogo. Kipimo husema kwamba mimba ipo. Hakisemi iko wapi. Katika kila mimba mia, moja au mbili hutunga nje ya mji wa mimba, nyingi katika mrija. Mrija ni mwembamba. Mimba inapokua hupasuka, na damu humwagika ndani ya tumbo bila kuonekana nje. Hatari hiyo huja mapema, mara nyingi kati ya wiki ya 6 na ya 8 kwa hesabu ya tangu hedhi ya mwisho, yaani wiki chache tu tangu mama aione mistari miwili, na mara nyingine kabla hajamwambia mtu.

Dalili zake hupotosha. Hutokea damu kidogo, pengine nyeusi, ambayo mama huidhania kuwa ni hedhi iliyochelewa. Hutokea maumivu ya chini ya tumbo, aghalabu upande mmoja. Kisha kizunguzungu, au kuzirai anapokwenda haja. Na liko jambo moja ambalo wachache hulijua: maumivu kwenye ncha ya bega. Damu iliyomwagika tumboni husumbua kiwambo cha chini ya mapafu, na mishipa ya fahamu hupeleka maumivu hayo begani. Mama hupakwa dawa ya kuchua, naye anaendelea kupoteza damu. Katika mimba ya namna hii homoni mara nyingi huongezeka polepole, kwa hiyo mstari huweza kubaki hafifu siku nyingi, na watu wakasema kipimo ni kibovu.

Mwenye mistari miwili, hata kama mmoja ni hafifu, akapata maumivu hayo au damu, aende hospitali yenye chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, na awaambie wauguzi kwamba alipima na kukuta mimba. Maneno hayo machache huokoa muda mwingi. Aliye na kitanzi, aliyewahi kupata mimba kama hiyo, aliyefanyiwa upasuaji wa mirija au aliyeugua magonjwa ya zinaa ana sababu zaidi ya kutongoja. Ikigunduliwa mapema, mimba hiyo wakati mwingine huondolewa kwa sindano bila kisu.

Kwa nini kujua mapema

Walio salama nao wana la kufanya, na siku zao ni chache. Mfereji ambao huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga yapata siku 28 tangu mimba kutunga, yaani wiki mbili hivi tu baada ya hedhi kukosekana. Vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, husaidia mfereji huo ufunge vema. Ndiyo maana madaktari huwashauri wanaotafuta mtoto waanze kuvimeza hata kabla ya kushika mimba. Kliniki nayo yataka mama aonekane kabla ya wiki 12 kutimia. Huko hupimwa damu, shinikizo la damu, kaswende na virusi vya UKIMWI, na hupewa chandarua. Dawa ya kuzuia malaria, SP, huanza kutolewa wiki ya 13. Akiugua malaria kabla ya hapo asikimbie matibabu kwa kuogopa dawa: tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeikubali dawa ya mseto ya artemeta na lumefantrini hata kwa miezi mitatu ya kwanza. Lakini amwambie mganga hali yake, na afanye hivyo pia kabla ya kupigwa picha ya eksirei au kumeza dawa za shinikizo la damu, kifafa au chunusi, kwani ziko ambazo huwadhuru watoto tumboni.

Kwa mfanyakazi kuna na upande wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Naye hupaswa kumwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotazamia kujifungua, pamoja na cheti cha mganga. Sheria hiyo hiyo inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ujauzito. Ukanda wa dukani si cheti. Kinachotambuliwa ofisini ni karatasi ya kliniki.

Na kwa kuwa ukanda ni rahisi, wako wanaotaka kuushika wao badala ya mwenye mkojo. Mama mkwe hudai kuuona, mwajiri humtaka msichana apime kwanza ndipo aajiriwe, na walimu waliwahi kuwapanga wanafunzi foleni. Kwa maoni yangu huo ni uonevu, na hausaidii afya ya ye yote: anayelazimishwa hutafuta mkojo wa mwenzake. Kuhusu wanafunzi, Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni, na mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitamka kwamba kuwapima wasichana kwa lazima ni kuvunja haki zao.

Mwenye kupima na kuona mistari miwili, kabla hata ya kuutupa ukanda, na aandike tarehe moja: siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Hiyo ndiyo itakayoulizwa kliniki, wala si siku aliyopima, wala siku anayodhani kwamba mimba ilitunga. Kwa tarehe hiyo mkunga huongeza siku saba na kuhesabu miezi tisa mbele. Hedhi iliyoanza tarehe 1 Januari huleta mtoto yapata tarehe 8 Oktoba. Asiyeikumbuka aseme hivyo waziwazi, apelekwe kwenye mashine ya picha, ambayo katika miezi mitatu ya kwanza hukadiria umri wa mimba kwa kukosea siku chache tu.